Gunia la Matundu Mawili

Gatwiri aliona matundu ya kwanza saa nane mchana, jua likichoma bati na redio ikipiga kelele juu ya rafu. Wanawake kumi na mmoja walikuwa kwenye mabenchi, wakifunga miraa na kupiga domo kama kawaida. Alichukua gunia jipya ili atandike majani ya mgomba ndani yake, na vidole vyake viwili vikapenya upande wa pili. Akaliinua kwenye mwanga. Matundu yalikuwa mawili, ya duara, yamekaa sambamba karibu na kitako cha gunia.

"Nani amekata hii gunia?" aliuliza.

"Si mimi, Mama Baariu," alisema Gladwell, mdogo kuliko wote kwa umri na mkubwa kuliko wote kwa mdomo. "Hiyo ni panya."

"Panya gani anakata mviringo hivi?"

"Panya wa siku hizi wamesoma."

Wanawake walicheka. Gatwiri hakucheka, maana siku hizo hakuwa na kicheko cha kumpa mtu. Akachukua gunia la pili, nalo lina matundu mawili. La tatu pia. Magunia yalikuwa thelathini, mapya, yamefungwa kwa kamba ya dukani ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeikata asubuhi, na yote thelathini yalitobolewa mahali pale pale. Kicheko kikaisha chenyewe.

Soko hili liko juu ya Laare. Jina lake sitaliandika. Siku hizi jina likiandikwa kuna mtu analisoma akiwa na kalamu mkononi, na mimi nimechoka kuwasaidia watu wa namna hiyo kazi yao. Inatosha kujua kwamba wiki mbili kabla ya magunia hayo, vijana wa hapa waliandamana. Walikuwa na bendera, filimbi na chupa za maji. Wanajeshi walishuka kutoka kwenye malori mawili, mawe yakarushwa, na walichojibu nacho hakikuwa mawe. Watu wanne walianguka mbele ya duka la dawa. Jioni redio ikasema wahuni wametawanywa. Mmoja wa wahuni hao alikuwa mwanamke aliyetoka kununua dawa ya kikohozi ya mtoto, na ilikutwa mkononi mwake, haijafunguliwa.

Siku tatu baadaye likaja gari jeupe lisilo na namba. Wanaume waliofunika nyuso walishuka, wakapita vibanda vyote bila kugeuza shingo, wakaingia moja kwa moja kwa kinyozi na kumtoa Baariu, mtoto wa pekee wa Gatwiri, kichwa kikiwa kimenyolewa nusu. Kijana wa miaka ishirini na mitatu, kosa lake ni kuwa na sauti kubwa. Wiki hiyo vijana wengine watano wa soko walichukuliwa hivyo hivyo. Kituoni Gatwiri aliambiwa hawana mtu kama huyo. Alirudi mara nne. Mara ya nne mkubwa wa kituo alimuuliza kama ana hakika huyo mtoto hajatoroka na mwanamke. Mama mzima anasimama mbele ya meza akiulizwa maswali ya kijinga na mtu anayekunywa chai! Hata sasa nikikumbuka natamani kuipindua meza hiyo.

Na jambo moja lilikuwa wazi kwa kila mtu, ingawa hakuna aliyelisema kwa sauti. Soko lina watu zaidi ya elfu. Wale wanaume hawakutafuta, waliendea. Mtu wa hapa hapa alikuwa amewaonyesha.

Mwenye kibanda cha miraa aliitwa Marete. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kwa Gatwiri kutoa pole, akiwa na pakiti mbili za sukari na bunda la miraa kwa shemeji zake. "Jikaze, dada," alimwambia. "Nimeongea na wakubwa. Wananisikiza." Alikuwa mtu wa heshima, na babake alikuwa wa heshima zaidi. Picha ya babake, marehemu M'Rwamba, ilining'inia kibandani juu ya mlango, na medali ya shujaa wa uhuru kifuani. Kila aliyeingia kufunga miraa alipita chini ya macho yake.

Kesho yake baada ya yale matundu, magunia mengine yaliletwa, mazima. Gatwiri aliyakagua moja moja. Saa nane ilipofika, redio ikanyamaza katikati ya tangazo.

Kilichotangulia ni harufu. Harufu ya gunia lililolowa mvua likakaa siku nyingi bila kuanikwa, na chini yake harufu ya baruti, ambayo soko zima lilikuwa limeifahamu sasa. Halafu buti. Nje hapakuwa na mtu ila kuku wawili, lakini buti zilikanyaga kokoto kuzunguka kibanda, taratibu, nyingi, mpaka zikakizunguka chote. Kisha ikatoka sauti kwenye rundo la magunia, Kiswahili kile cha amri cha askari wa kizungu, kilichokauka.

"Keti chini yote. Mikono kichwani. Angalia mbele."

Wanawake kumi na wawili, Gatwiri akiwa mmoja wao, walijikuta sakafuni na mikono kichwani kabla hata hawajajua kwamba wametii, na walipotaka kuinuka miguu ilikataa, na walipotaka kupiga kelele midomo ilikataa, na mbele yao gunia moja likainuka kutoka kwenye rundo, likajaa kama kwamba kuna kichwa na mabega ndani yake ingawa chini ya mabega hayo hapakuwa na kitu ila hewa na vumbi, likaanza kugeuka polepole kutoka kwa mwanamke mmoja hadi mwingine, likimtazama kila mmoja kwa matundu yale mawili ambayo dakika moja tu iliyopita hayakuwapo. Kwa Gatwiri lilikaa muda mrefu. Likapita. Lilipofika kwa Gladwell, likatikisa kichwa mara moja, chini na juu, kumkubali.

Gladwell alianguka ubavu. Gunia likalegea, redio ikarudi na tangazo lake la sabuni, na wanawake wakatimua mbio hadi barabarani. Walimbeba Gladwell wakamtoa nje. Alikuwa hai, akipumua, akilia, lakini mikono yake ilikuwa imeshikana kichwani na hakuna aliyeweza kuishusha. Wanaume wawili walijaribu.

"Mama Baariu, niambie imetoka," alinong'ona Gladwell. "Niambie haiko nyuma yangu."

"Haiko," alisema Gatwiri, ingawa hakuwa amethubutu kuangalia.

Aliporudi ndani kuchukua viatu vya wenzake, aliona jambo lingine. Mabunda yote ya mezani yalikuwa yamefunguliwa na kufungwa upya. Yalifungwa vizuri, kwa mkono wa mtu anayejua kazi, lakini kamba ya mgomba ilikuwa imezungushwa upande usio wake. Aliweka bunda moja kwenye kikapu chake.

Jioni hiyo Abdisalam, mnunuzi kutoka Maua, alifika na pikapu kuchukua mzigo, akakuta hakuna mzigo. Alisikiliza yote akiwa ameegemea mlango wa gari. "Haya si mambo ya mtu kuchezea," alisema. "Kesho nakuja na shangazi yangu. Yeye ameshughulika na majini tangu mimi sijazaliwa."

Shangazi huyo, Luul, aliteremka kwenye pikapu saa nne asubuhi, mwanamke mwembamba mwenye miwani mizito. Alifukiza ubani kibandani, akasoma, akanyunyiza maji ya kisomo kwenye pembe nne, akaketi mbele ya rundo la magunia kama mtu aliyekuja kuzungumza na jirani. Wengine walibaki nje. Walisikia akisoma, akiuliza, akinyamaza. Alipotoka, mtandio ulikuwa umelowa jasho.

"Mama, amekwenda?" Gatwiri aliuliza.

"Hapana. Na mimi sitakudanganya." Luul alipangusa miwani. "Jini ukimuuliza shida yake, hukuambia. Huyu nimemuuliza, anasema hana shida, yuko kazini. Anasema ameitwa na mtu wa damu yake, aliyeshika kazi yake pale alipoiachia. Sasa mimi nitamtoa vipi? Aliyemwalika yumo ndani ya hii nyumba."

"Kazi gani hiyo?"

"Hapo hakusema. Akatikisa kichwa tu."

Gatwiri alikwenda kwa mamake. Makandi alikuwa na miaka sabini na minane, macho yake yameingia ukungu, lakini vidole vyake vilikuwa vimefunga miraa miaka hamsini na havikuwa vimesahau kitu. Gatwiri alimsimulia kila kitu kwa Kimeru, kisha akamwekea lile bunda mapajani. Mama mzee akaifuata kamba kwa kidole gumba, duru moja, duru ya pili. Kidole kikasimama.

"Hii imefungwa na mkono wa kushoto."

"Nimeona, mama."

"Hujaona. Ngoja nikuambie kile mimi niliona." Makandi aliishika ile miraa kama anataka kuinyonga. "Nilikuwa na miaka saba. Askari walizunguka soko siku ya soko. Wakatuketisha chini, mikono kichwani. Wakaleta mtu amevishwa gunia, macho tu ndiyo yanaonekana. Akawa anapitishwa kwa watu. Akitikisa kichwa, huyo anatolewa. Alikuwa akionyesha na mkono wa kushoto. Alipotikisa kichwa kwa baba yangu, watu walikataa, wakaokota mawe. Askari wakapiga. Walipiga hadi wakachoka. Baba hatujui alizikwa wapi mpaka leo."

"Hukuwahi kuniambia hayo ya gunia."

"Jioni yake jirani akaja kutoa pole. Akaleta bunda la miraa kwa wajomba zangu. Mimi ndiye nililipokea. Kamba imezungushwa hivi hivi. Nikataka kusema, mama yangu akaniziba mdomo na kiganja chake. Akakiweka hapo miaka yote, mpaka akakufa." Machozi ya hasira yalimshuka bila sauti. "Huyo jirani alikuja kupewa medali, Gatwiri. Wewe unafanya kazi chini ya picha yake."

Gatwiri hakuhitaji kuuliza zaidi. Kibandani walikuwa na utani wa siku nyingi kuhusu tajiri wao: akitaka kuwaonyesha wanawake jinsi ya kufunga, inabidi wamwangalie kwenye kioo. Marete alikuwa wa mkono wa kushoto, kama babake. Akaikumbuka sukari, akalikumbuka bunda la pole. Mtu alikuwa amemuuza mtoto wake kisha akamletea sukari ya chai!

Watu wa milima ya Nyambene wana bunda moja lisilouzwa, linaitwa ncoolo. Ni matawi marefu yaliyochaguliwa, yamevishwa jani bichi la mgomba. Hupelekwa ukiomba mchumba, na hupelekwa ukitaka kesi isikizwe. Anayelipokea hulifungua mbele ya watu na kujibu. Anayelikataa ameshajibu. Kulipeleka ni kazi ya wanaume, na wanaume wa ukoo wa Gatwiri walimwambia asubiri kwanza, mambo yapoe. Mambo yapoe! Yapoe kama nini, kama mwili? Aliwaacha wakisubiri. Mwanamke hapandi mti wa miraa, hasa miti ile mikongwe. Asubuhi na mapema alipanda mti wa babake Makandi, akakata matawi kwa mkono wake, akalifunga ncoolo huku mamake akilishika upande wa pili.

Saa tano Marete alikuwa kibandani akiwagombeza wanawake waliokataa kuingia. Walikuwa wamejaa mlangoni, Abdisalam na Luul wakiwa kati yao, Gladwell akiwa ameketishwa kwenye kiti, mikono kichwani. Gatwiri aliwapita wote.

"Bosi," alisema, akinyoosha ncoolo kwa mikono miwili. "Pokea."

Marete alilitazama. "Nini hii tena? Dada, una huzuni, nakuelewa. Enda nyumbani upumzike."

"Pokea uifungue. Useme mtoto wangu ako wapi."

"Unajua unaongea na nani? Nimekulisha miaka tisa! Ukoo wangu ndio ulipigania hii nchi!" Akalipiga lile bunda kwa mkono, ule wa kushoto, likaanguka sakafuni.

Ndipo harufu ilipoingia, nzito kuliko siku zote, gunia bichi na baruti, na buti zikasaga kokoto nyuma ya watu waliosimama mlangoni bila mtu yeyote kuguswa, na picha ya M'Rwamba ikageuka ukutani na kuutazama ukuta, na rundo lote la magunia likaanza kuinuka, moja baada ya jingine, yakasimama safu nzima yakimtazama Marete kwa macho yao matupu, naye akarudi nyuma akisema hapana, baba, hapana, mimi nilifanya vile ulifanya, mimi nilifanya vile ulifanya tu, huku mkono wake wa kushoto, ambao uso wake wote ulionyesha kwamba hautaki, ukinyooka kwenye safu, ukichukua gunia la mbele, ukilifunua na kumvisha kichwani mpaka mabegani.

Mlangoni, mikono ya Gladwell ilishuka mapajani mwake yenyewe, akaitazama kama mikono ya mtu mwingine.

"Uliwapa mtoto wangu?" Gatwiri aliuliza.

Gunia likatikisa kichwa, chini na juu.

"Na wengine?"

"Walitaka majina sita." Ilikuwa sauti ya Marete, lakini iliyokauka, na nyuma yake ilikuwapo nyingine kongwe, zikienda pamoja. "Walisema kibanda changu hakitaguswa. Nikatoa majina sita. Wote ni watoto wa hapa. Wote nawajua."

Akayataja. Kwa kila jina mwanamke mmoja mlangoni alipiga yowe. La mwisho lilikuwa la Baariu.

"Wako wapi?" Gatwiri alipaza sauti. "Wako wapi, wewe takataka?"

"Ishiara. Juu ya mto. Machimbo ya mawe yaliyofungwa. Stoo ya mabati."

Abdisalam alikuwa tayari amewasha gari. Pikapu saba zilizozoea kukimbiza miraa Nairobi zilitoka sokoni siku hiyo bila hata tawi moja, zimejaa wanawake, na madereva wake hawakugusa breki mpaka Ishiara, kule Mbeere. Walifika saa nane mchana. Gatwiri alitarajia bunduki, na alikuwa ameshaamua kwamba bunduki haitamrudisha. Alichokuta ni wanaume wawili wenye silaha wameketi kwenye vumbi mbele ya ile stoo, mikono kichwani, wakitazama mbele, wanalia.

"Tutoe hapa, mama," mmoja alinong'ona. "Tangu saa tano. Hatuwezi kusimama."

Alimruka akaingia.

Ndani walikuwa sita, kila mmoja amefunikwa gunia kichwani na kufungwa kamba shingoni. Wawili walikuwa wamekufa, mmoja wao mtoto wa Njura anayeuza ndizi. Huyo alikuwa na miaka kumi na tisa, na iandikwe hapa ili mtu asije akasema hakuwapo. Gatwiri aliwafungua mmoja baada ya mwingine, kamba zilizokauka zikimkata vidole. Chini ya gunia la tano alikuta kichwa kilichonyolewa nusu, nywele fupi zimeanza kuota upande wa pili.

"Mama," alisema Baariu, midomo imepasuka. "Kinyozi hajamaliza."

Alimkumbatia akalia kwa sauti ambayo wanawake wengine waliisikia kutoka nje, wale wa furaha na wale wawili ambao hawakuwa na mtu wa kumkumbatia.

Waliporudi siku ya pili, wakiwa wamewaacha wanne hospitalini, walimkuta Marete pale pale kibandani. Mkewe alikuwa amejaribu kulikata lile gunia kwa kisu, na chini yake akakuta gunia jingine, na chini ya hilo jingine, mpaka akakitupa kisu na kukimbia. Marete aliketi chini ya picha iliyogeuka, wima. Kwa mafundi walioitwa kulikata, kwa watoto, kwa wanawake waliomtemea mate hakusogea. Luul alimtazama kwa muda, akakunja mkeka wake.

"Hajatoka," alisema. "Na sioni dalili kwamba anataka kutoka. Amebadilisha tu upande anaotazama."

Jioni ya siku hiyo mkubwa wa kituo alifika, yule wa chai, na askari wanne nyuma yake. Alitaka kujua nani amevamia mahali pa serikali, nani kiongozi, majina ayapate sasa hivi. Watu walimpisha njia. Aliingia kibandani akimfokea Marete asimame aeleze, na lile gunia likageuka polepole, kwa mara ya kwanza tangu jana, mpaka matundu yake yakakutana na macho yake.

Likatikisa kichwa.

Mkubwa wa kituo alifungua mdomo, ukabaki wazi. Kofia ikamwanguka. Mikono yake ikaanza kupanda, taratibu, kwenda kichwani, na nyuma yake askari wanne waliangaliana, wakatazama mlango.

Gatwiri aliinama akaokota ncoolo sakafuni, mahali lilipoangukia jana, jani lake bado bichi. Akalipangusa vumbi. Kisha akavuta kiti, akakiweka mbele ya yule mkubwa, na kumnyooshea lile bunda kwa mikono miwili.

"Na wewe pia," alisema. "Pokea."